Nyumba za Kazi za Wazee Wetu Zisiachwe Zianguke

Mtu akitaka leo kutazama mambo ya kale katika nchi yetu, njia aliyotengenezewa yajulikana. Akifika Ujiji ataonyeshwa mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871. Akifika Arusha ataingia katika boma la Wajerumani la mwaka 1900, ambalo sasa ni makumbusho. Akifika Iringa ataingia katika jengo ambalo Wajerumani hao hao walilijenga mwaka 1914 liwe hospitali, nalo likafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 2016. Akija hata huku kwetu, akateremka mpaka Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika, ataambiwa kwamba zamani mahali hapo paliitwa Bismarckburg, kisha atapelekwa kutazama mabaki ya boma.

Sisemi kwamba majengo hayo yabomolewe. Ukuta wa mtawala nao ni ushahidi, na anayefuta ushahidi humsaidia mkosaji. Lakini nauliza swali moja, nalo ndilo sababu ya kuandika: yuko wapi mtu aliyefanya kazi? Nyumba ya mtawala imepewa paa la bati na mlinzi mlangoni. Mahali mhunzi alipoyeyushia chuma pamelimwa mahindi. Kibanda cha mvuvi kimeliwa na mchwa, na mtumbwi wake umepasuliwa kuwa kuni. Mtoto wa shule akiulizwa nani walijenga nchi hii, atataja waliokuja kwa meli. Babu yake, aliyetengeneza jembe lililolisha kijiji, hamtaji, kwa sababu hajapata kuonyeshwa kazi yake.

Hata sisi wenyewe tuna ugonjwa huu, tusiwasingizie wageni peke yao. Hapa Ufipa kila mtoto amesikia habari za Milanzi, na za Ntatakwa, na za wale wanawake wageni waliofika wakautwaa utawala. Ni hadithi nzuri, na Milanzi si mbali na sisi wa Mollo. Lakini hadithi zetu nyingi ni za waliokaa kwenye kigoda. Za waliokata kuni, waliochoma makaa, waliobeba mawe na waliokesha ziwani, hizo zasemwa kwa nadra, na kila mwaka zasemwa na watu wachache zaidi.

Fundisho kutoka kando ya mto Fraser

Wako watu waliolijibu swali hili kabla yetu, nasi si aibu kujifunza kwao. Katika jimbo la British Columbia, nchini Kanada, mahali mto Fraser unapoingia baharini, kuna kijiji cha wavuvi kiitwacho Steveston. Mwaka 1894 kilijengwa hapo kando ya maji kiwanda cha kutia samaki katika makopo, kwa jina Gulf of Georgia Cannery. Samaki wenyewe ni samoni, ambaye hukua baharini kisha hupanda mtoni kuzaa, na akipanda hupanda kwa makundi makubwa sana. Kiwanda kilikuwa kikubwa hata watu wakakipa jina la jitu.

Waliofanya kazi humo hawakuwa mabwana. Walikuwa wenyeji wa asili wa nchi ile, na Wachina, na Wajapani, na Wazungu maskini. Wengine walivua, wengine walikata samaki, na wanawake waliwaosha na kuwajaza katika makopo, wengine wakiwa na watoto wao karibu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ililetwa mashine ya kukata samaki iliyowaondoa Wachina katika kazi hiyo, na wenye viwanda wakaipa mashine jina la tusi kwa Wachina hao. Vita Kuu ya Pili ilipofika Pasifiki mwezi wa Desemba 1941, serikali ya Kanada ilikamata maboti ya wavuvi wenye asili ya Kijapani, yapata 1,200, na mwaka 1942 ikawahamisha watu hao kutoka pwani, ingawa wengi wao walikuwa wamezaliwa Kanada.

Kiwanda kilisimamisha kazi mwaka 1979. Jengo kama hilo, la mbao, lenye harufu ya samaki, wengi wangesema libomolewe pajengwe kitu cha kisasa. Lakini mwaka 1976 lilikuwa limekwisha kutangazwa kuwa mahali pa historia ya taifa, na mwaka 1986 wakaunda chama cha kulisimamia. Mwaka 1994, jengo lilipotimiza miaka 100, milango ilifunguliwa kwa watu wote. Leo mtoto wa mvuvi aingia humo akaona mashine, na meza, na makopo ya babu yake.

Nimeleta habari hizi za mbali kwa sababu ya jambo moja. Nyumba ya mtawala ikihifadhiwa, mara nyingi husimulia sifa za mtawala. Nyumba ya kazi ikihifadhiwa, hulazimika kusema nani alifanya kazi, nani alilipwa, nani alidhulumiwa. Meza ya kukatia samaki haijui kusema uongo. Ndiyo maana nasema nyumba ya kazi ni chuo cha wananchi.

Kwetu kwenye ziwa

Tunazo nyumba kama hizo. Tuanze na samaki. Magari yanayopanda kutoka Kasanga, Kipili na Kirando hutuletea Sumbawanga dagaa na migebuka, nasi twala bila kuuliza wamepatikanaje. Ziwa Tanganyika lina kina cha kama mita 1,470, na katika Afrika hakuna ziwa lenye kina kama hicho. Dagaa wake huvuliwa usiku, kwa mwanga. Wazee walikwenda na moto wa kuni ukiwaka kwenye mtumbwi, dagaa wakaufuata mwanga, nao wakawachota kwa wavu wenye mpini mrefu uitwao lusenga. Katika miaka ya 1950 zikaja karabai, na baada yake nyavu kubwa zaidi. Katika miaka hii zimekuja taa za betri na za jua. Lakini kanuni moja haikubadilika: mbalamwezi ikiwa kubwa mvuvi hupumzika, kwa maana samaki hawakusanyiki penye taa wakati mwanga umetapakaa kila mahali.

Kisha dagaa huanikwa, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake. Kuna elimu katika kuanika: kujua mchanga unafaa lini na uchanja unafaa lini, kujua mvua inakuja kutoka upande gani, kujua mzigo utaoza au utafika Sumbawanga. Hakuna cheti cha elimu hiyo, wala hakuna jumba lililoihifadhi. Kuna ghala la zamani, kuna kibanda, kuna karabai yenye kutu darini, kuna lusenga lililotupwa nyuma ya nyumba. Mtu akiviona husema ni takataka.

Si takataka. Tarehe 15 Mei 2024 Serikali ilifunga uvuvi katika Ziwa Tanganyika kwa miezi mitatu, hata tarehe 15 Agosti, ili samaki wapate kuzaliana. Ziwa hilo ni la nchi nne, nazo ni Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, na shauri la kulipumzisha lilikuwa la wote. Watu wengi walinung'unika, wengine wakakubali. Lakini katika mabishano yale kitu kimoja kilikosekana: kumbukumbu za wavuvi wenyewe. Zamani samaki gani walipatikana wapi, mwezi gani, kwa wavu wenye matundu ya ukubwa gani? Mwalo wenye nyumba moja ndogo ya makumbusho, iliyotunza nyavu za kila wakati na maneno ya wavuvi wazee, ungekuwa na la kusema mbele ya mtaalamu na mbele ya mkuu wa wilaya. Mwalo usio na kumbukumbu huambiwa tu.

Kwetu juu ya nyanda

Sasa nipande juu, nyumbani, penye hatari kubwa zaidi. Wazee wa Ufipa walikuwa wahunzi mashuhuri. Matanuri yao, tuyaitayo malungu, hayakuwa vishimo vya kupulizia moto. Yalikuwa minara ya udongo, kimo chake kama mita 3, mapana chini na membamba juu. Chini palikuwa na matundu kuzunguka, na katika matundu hayo iliwekwa mirija ya udongo. Ndani yalipangwa makaa na mawe yenye chuma.

Jambo la ajabu ni hili, nami napenda kila mwalimu wa sayansi alisikie: tanuri hilo halikuhitaji mivukuto. Hewa iliyopata moto ilipanda juu kwa nguvu kwa sababu ya urefu wa mnara, na ilipopanda ilivuta hewa mpya kuingia kwa mirija ya chini. Tanuri lilijipulizia lenyewe, mchana na usiku. Chuma kilichotoka hapo kilikuwa bado na uchafu, kikapelekwa katika tanuri dogo liitwalo kintengwe. Hapo ndipo mivukuto ilipotumika kukisafisha, kabla ya mhunzi kukifua kuwa jembe, shoka au mkuki.

Mtu aliyebuni kazi hiyo hakusoma fizikia kwa vitabu, lakini alijua moto na upepo kuliko wengi wetu tuliopita vyuoni. Na jembe lililotoka mikononi mwake ndilo lililofanya kilimo chetu cha ntumba, yaani kufukia nyasi katika matuta ya mviringo zioze ziwe mbolea. Nyanda zetu zina miti michache. Kwa ntumba watu walipata chakula bila kukata msitu wasiokuwa nao. Basi fuata mnyororo huo: jiwe, tanuri, jembe, tuta, ulezi, mtoto aliyeshiba. Tanuri ni pingu moja ya mnyororo huo, nasi twaliacha lianguke.

Kwa nini malungu yalizimika? Si kwa sababu wazee walikuwa wavivu au wajinga. Yalikuja majembe ya viwandani kutoka ng'ambo, yakauzwa madukani kwa bei ambayo mhunzi hakuweza kushindana nayo. Ikaja kodi ya kichwa, ikawatoa wanaume nyumbani kwenda kutafuta fedha, wengine wakifika mpaka mashamba ya mkonge ya Tanga. Kazi ya tanuri yahitaji watu wengi kwa siku nyingi. Nguvu hizo zikiondoka, moto huzimika. Kufikia miaka ya 1930 kazi ilikuwa imekaribia kwisha. Huu ndio ukweli wa ukoloni uliotufikia hapa juu: si bunduki tu, bali ni mkono wa fundi kufanywa hauna thamani katika nchi yake.

Waliotangulia kuandika habari hizi kwa kirefu walikuwa wageni. Mwaka 1937 bwana Greig aliandika juu ya uyeyushaji wa chuma Ufipa, na mwaka 1958 bwana Wise akaandika tena. Twawashukuru, kwa kuwa bila wao mengi yangepotea. Baadaye akaja Mtanzania, mwanachuoni Bertram Mapunda, akachimba na kuchunguza huko Nkasi, na mwaka 1995 akatoa tasnifu yake juu ya uhunzi wa kusini magharibi mwa Tanzania. Alionyesha kwamba kulikuwa na aina zaidi ya moja ya matanuri, kati yake ile iitwayo katukutu, iliyokuwa ndogo na tofauti na malungu. Lakini kazi hizo ziko katika vitabu vya Kiingereza, katika maktaba za mbali. Mtoto wa Mollo hawezi kuzifikia. Anachoweza kufikia ni tanuri lenyewe, likiwa bado limesimama.

Na je, bado limesimama? Udongo si jiwe. Mvua za miezi mingi hulila kutoka juu. Ng'ombe hujikuna. Mwenye shamba akipanua shamba, plau hupita. Mtoto hurusha mawe kwa mchezo. Kinachobaki ni mavi ya chuma, yale mabonge meusi mazito yanayotukwaa miguu tukilima, nayo twayatupa pembeni. Na kinachoanguka upesi kuliko udongo ni mwanadamu. Kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1935 alizaliwa mwaka 1915, leo hatunaye. Waliobaki ni watoto wake waliosikia kwake, nao sasa ni wazee wa miaka 80 na zaidi. Hiyo ndiyo saa tuliyo nayo, wala haitungoji.

Wenzetu wamefanya, nasi tuna zaidi

Kuna watakaosema: nani atajali tanuri la udongo? Jibu liko Afrika hii hii. Mwaka 2019 shirika la UNESCO liliandika matanuri ya kale ya chuma ya Burkina Faso katika orodha ya urithi wa dunia. Ni matanuri yanayojivutia hewa yenyewe, yaani ya jamaa moja na malungu yetu. Burkina Faso si nchi tajiri kuliko Tanzania. Ila wenyewe walisimama, wakasema: hiki ni chetu, na dunia ije ione.

Kuna watakaosema: kwetu hakuna la kale sana. Hao na waende Kalambo. Mto ule ndio mpaka wetu na Zambia, na maporomoko yake yana zaidi ya mita 200. Kuanzia miaka ya 1950 mtaalamu Desmond Clark alichimba karibu na hapo, upande wa pili wa mpaka. Mwaka 2023 watafiti waliomfuata, chini ya Larry Barham wa Chuo Kikuu cha Liverpool, walitangaza katika jarida la Nature kwamba kando ya mto wamepata magogo mawili yaliyounganishwa kwa pengo lililochongwa makusudi. Umri wake si chini ya miaka 476,000. Mtu wa namna yetu alikuwa hajatokea duniani bado. Watafiti hawakukata neno lilikuwa jengo gani. Huenda lilikuwa jukwaa, au njia ya kupita penye maji, au msingi wa kibanda. Lakini mpaka siku ile hakuna mahali popote duniani palipopatikana ujenzi wa mbao wa kale kama huo.

Fikirini, ndugu zangu. Kazi ya seremala ya kale kuliko zote zilizokwisha kujulikana ilifanyika kando ya mto unaopita kwetu, na wilaya moja ya mkoa wa Rukwa imepewa jina la mto huo. Wenzetu wa Zambia wana makumbusho ya Moto Moto pale Mbala, ng'ambo tu ya mpaka, yaliyotokana na vitu alivyokusanya padre mmoja, Corbeil. Kule Usukuma kuna makumbusho ya Bujora, yaliyoanzishwa na Padre David Clement. Mapadre hao walikuwa wageni, nao waliona thamani ya jembe letu, ngoma yetu na kigoda chetu. Je, sisi wenye mali tutangoja padre mwingine?

Majibu kwa wanaopinga

Katika mikutano nimesikia maneno matatu ya kupinga, nayo yastahili jibu.

La kwanza: barabara kwanza, zahanati kwanza, maji kwanza. Ni kweli, na mtu anayeomba jumba la mamilioni huku mama anajifungulia njiani hana akili. Lakini mimi siombi jumba la mamilioni. Naomba paa la nyasi juu ya tanuri moja, na mfereji wa kuepusha maji, na daftari. Kijiji kilichojenga madarasa kwa nguvu zake hakishindwi na paa la nyasi.

La pili: mambo ya tanuri ni ushirikina. Ni kweli kwamba wazee walikuwa na dawa zao na miiko yao. Tanuri lilitendewa kama bibi harusi, likapambwa, na mafundi walijitenga na wake zao mpaka chuma kitoke. Mkristo asiogope, na Mwislamu asiogope. Kuandika kwamba jambo lilifanyika si kulifanya tena. Na tena tazameni ndani ya mwiko: kazi ngumu yenye hatari iliwekewa utaratibu, watu wakaishika kwa makini na kwa heshima. Kiwanda cha leo nacho kina masharti yake ukutani.

La tatu: watalii hawatakuja, basi faida iko wapi? Jibu langu ni kwamba makumbusho ya namna hii si ya watalii. Mgeni akija, karibu, na alipe. Lakini wa kwanza kuingia awe mtoto wa darasa la nne anayetoka shule iliyo jirani. Tukijenga kwa kumpendeza mgeni tutaishia kucheza ngoma mbele ya kamera na kusema uongo juu ya wazee wetu. Tukijenga kwa ajili ya mtoto wetu tutasema kweli, na mgeni naye atafaidi kweli hiyo.

La kufanya

Nchi hii haikusahau jambo hili ilipopata uhuru. Mwezi wa Desemba 1962, siku alipolihutubia Bunge kwa mara ya kwanza akiwa Rais, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Mwaka 1964 ikatungwa Sheria ya Mambo ya Kale. Mwaka 2008 ikatolewa Sera ya Mambo ya Kale. Basi karatasi zipo. Kinachokosekana ni mikono, na mikono hiyo ni yetu.

Napendekeza hivi. Kwanza, kila kijiji cha nyanda kihesabu malungu yake: liko shamba la nani, lina kimo gani, limevunjika wapi. Walimu na wanafunzi waifanye kazi hiyo kwa wiki moja ya kiangazi. Orodha ipelekwe halmashauri na kwa ofisi ya Mambo ya Kale, nao wataalamu waombwe ushauri kabla mtu hajachimba au kusafisha chochote, kwani mikono yenye nia njema nayo huharibu.

Pili, lichaguliwe tanuri moja lililo zima zaidi. Mwenye shamba aombwe kwa adabu, asinyang'anywe. Na kama shamba lake litapungua, kijiji kimfidie kwa kipande kingine. Lijengewe paa, na plau isikaribie.

Tatu, kule ziwani itafutwe nyumba moja ya zamani ya kazi ya samaki, ghala au kibanda, isibomolewe. Iwekwe humo mtumbwi, lusenga, karabai na uchanja. Wanawake wanaoanika wawe ndio waelezaji, kwa maana ndio wenye elimu hiyo. Katika kila kamati nusu ya wajumbe wawe wanawake. Jembe lile walilishika wao kuliko wanaume.

Nne, wazee waandikwe sasa. Simu zetu zinashika sauti; zitumike kwa kazi hiyo badala ya upuuzi. Mzee aulizwe kwa Kifipa, ajibu kwa Kifipa, maneno yake yaandikwe kama alivyosema, kisha yafasiriwe kwa Kiswahili.

Tano, kila kitu kitakacholetwa kiandikwe daftarini pamoja na jina la aliyekileta, naye abaki kuwa mwenyewe. Kisiuzwe, kisipewe mkubwa kama zawadi, kisiende mjini bila kijiji kukubali. Nasema hili wazi kwa sababu ninajua tabia za watu. Makumbusho yakiwa mfuko wa mwenyekiti, wananchi watarudi kutupa mabonge ya chuma pembeni, nao watakuwa na haki.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Maana yake si kwamba turudi kuyeyusha mawe tuache majembe ya dukani. Maana yake ni kwamba mtu asiyejua babu yake alikuwa fundi atakubali kuambiwa kwamba alizaliwa kuwa mchukuzi. Tulipokuwa tukitawaliwa tuliambiwa hivyo mchana kutwa. Ushahidi wa kinyume umesimama mashambani mwetu, kimo chake mita 3, nao wanyeshewa mvua.

Kiangazi kijacho tawi letu la Mollo litaanza kuhesabu. Vijiji vingine vifanye vivyo hivyo, na viandike katika gazeti hili vimepata malungu mangapi. Mwenye jembe la kale darini asiliuze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Alilete.